Ukoo wa Yungiyungi

Huko nyanda za juu kila ukoo ulikuwa na yungiyungi lake la mwituni, na watu ambao maua yao ni ndugu walikatazwa kuoana, hata kama walikwisha kuzaa. Undugu wa maua uliamuliwa na maabara, kwa kusoma vinasaba.

Tulinagwe alikuwa msomaji hodari. Asubuhi ile aligundua kwamba yungiyungi jekundu, ua la kwao, na la manjano, ua la kina mumewe, ni tumbo moja. Wenzake wakampigia makofi, naye kwa furaha akatangaza papo hapo. Alipokumbuka ndoa yake, habari zilikwisha kufika nyumbani.

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kumpenda, alimpokea mlangoni kwa kumbatio.

“Karibu, mwanangu. Kumbe wewe ni wangu!”

Nyuma yake nguo za Tulinagwe zilikuwa zimeshafungwa kwenye sanduku. Ambilikile, mumewe, alitazama ukuta.

“Sheria ni msumeno, dada,” akasema.

Tulinagwe akamfungulia mikono bintiye, Subilaga. Mtoto akamtazama bibi kwanza, bibi akaitikia kwa kichwa.

“Shikamoo, shangazi.”