Kikomo cha Salamu

Dama aliingia ofisini bila hodi wala salamu, na mtu wa Kinango akikunyima salamu ujue umemkosea kweli.

"Nani hapa aliyetengeneza ile programu ya simu ya zahanati?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama. Karibu uketi," alisema Purity, akigeuka kutoka kwenye kompyuta.

"Siketi."

Dama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na vumbi la safari ya kuja Ukunda lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Mkononi alishika simu yenye kioo kilichopasuka.

"Hii ni ya mzee mmoja wa kwetu. Asubuhi mkewe ameumwa na nyoka, akatuma ujumbe wa sauti kwenye programu yenu. Nesi akasikia kwamba watu ni wazima, akaendelea na kazi zake. Ujumbe ulikatika kabla mzee hajaitaja shida. Mama wa watu amefia njiani, kwenye pikapu ya kuazima."

Purity hakuuliza mama huyo ni nani. Alifanya wanachofanya wasomi wakibanwa, akaanza kueleza.

"Pole sana, mama. Kila programu hupewa kiasi chake cha memori. Kikijaa, kurekodi kunakoma. Nikikiongeza ovyo, simu ndogo za huko zitaizima programu nzima."

"Kiasi hicho ulikipima wewe?"

"Hapana. Ndicho kilichokuja tayari na vifaa tunavyotumia. Nikakiacha hivyo hivyo."

"Ukakiacha." Dama alicheka kwa uchungu. "Hata sufuria ya ugali mtu huichagua kwa kutazama walaji."

"Tuliijaribu, mama. Hapa ofisini kila ujumbe ulifika mzima."

"Nyinyi mlianza na nini?"

"Na shida."

"Basi hamkumjaribisha mtu wetu hata mmoja. Sisi husema hatujambo kwanza, hata nyumba ikiwaka moto. Tutataja watoto, tutataja mifugo, ndipo tuseme 'ila'. Shida yetu hukaa nyuma ya 'ila', binti, na nyinyi mmekata hapo hapo."

Dama alikuwa na haki ya kuwaka. Mtu aliyekaa chini ya feni ndiye aliyewapangia wazee wa watu urefu wa maneno yao, tena bila hata kufikiri. Na bado Purity alikuwa na la kujibu.

"Lakini mama, ile ni mashine. Nani anasalimia mashine? Mwenye shida na aseme shida."

Hasira zilimpanda Dama.

"Nesi ameniambia ni salamu tupu. Mimi nimekosa moyo wa kusikiliza. Sasa tusikilize wote, kisha umwambie mzee maneno hayo hayo. Yuko hospitali, amekaa na maiti."

Akabonyeza, akaiweka simu mezani. Ilitoka sauti ya mzee, pumzi zikimwenda mbio, lakini maneno yakija moja moja, kwa adabu.

"Hujambo, Purity mwanangu? Najua hii ni kazi ya mikono yako, ndiyo maana nimekimbilia kwako. Hapa nyumbani tu wazima. Mbuzi hawajambo, mvua bado. Mama yako naye hajambo kabisa, ila"