Nafasi Moja, Matombo

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla hajanywa chai, Joyce alituma barua ya wanachama. Habari za chama cha mawakili zilitangulia: nani kaapishwa, nani kafiwa, semina ya kodi ni lini. Chini yake zilifuata nafasi za kujitolea. Siku hiyo alikuwa amebakiza kubonyeza tu, pale Wakili Luqmani, mwenyekiti wa tawi, alipoinama begani kwake.

"Hilo la Matombo litoe."

Joyce aliinua macho. "Mzee?"

"Wiki ya saba hii. Watu wamelizoea, wanalipita kama bango la mganga. Weka la gereza, angalau vijana wanakwenda."

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Mjane wa miaka sabini na mmoja, wa Matombo, anatakiwa kuondoka kwenye shamba aliloishi na mumewe miaka arobaini na minne. Anayemdai ni mpwa wa marehemu. Shauri linasikilizwa Alhamisi, baraza la ardhi, Morogoro mjini. Hana wakili.

Majina hayakutajwa. Mji wenyewe mdogo, kila mtu ni ndugu wa mtu, hivyo tawi lilijiwekea kanuni: jalada hukaa kabatini limefungwa kwa kamba mpaka apatikane wa kulichukua.

"Alhamisi ndiyo hii, mzee," alisema Joyce. "Asipopata mtu, atatoka."

"Hata akipata atatoka." Huyo alikuwa Wakili Dadi, aliyekuja kuchapisha hati zake kwa sababu mashine ya ofisini kwake ilikuwa mbovu tena. "Mimi Mluguru, nisikilizeni. Ardhi ya ukoo inafuata tumbo la mama. Mume akifa, shamba linarudi kwa watoto wa dada yake. Mke alikuwa mgeni tu pale."

"Mgeni wa miaka arobaini na minne?"

"Kamuulize bibi yangu, si mimi." Dadi akacheka. "Halafu wewe jalada lote unalijua kwa kichwa. Si uende mwenyewe?"

Joyce akatazama vidole vyake. Tawi zima lilikumbuka siku aliposimama mahakamani mara ya kwanza kama wakili, sauti ikamkauka, mpaka hakimu akaagiza aletewe maji.

"Usimchokoze mtoto wa watu," alisema Luqmani.

Mlango ukabishwa. Aliingia mama mmoja mwembamba, kitenge chake kimejaa vumbi la njia ya Matombo, mkononi chana mbili za ndizi. Joyce alisimama kwa haraka hata kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Miguu tu inamsumbua."

"Mwambie ajikande kwa maji ya chumvi, asipuuze."

Ndiye mjane wa kwenye tangazo, Bibi Angelina. Luqmani alimvutia kiti, akakohoa.

"Mama, bado hatujapata mtu."

"Najua, baba. Nimekuja kuwashukuru tu. Ningekuja Alhamisi, lakini Alhamisi nitakuwa na shughuli." Alitabasamu kidogo kwa mzaha wake mwenyewe, kisha tabasamu likamtoka. "Sililii migomba. Mume wangu nimemzika nyuma ya nyumba. Nilitaka na mimi nilazwe pale."

Mashine aliyoitumia Dadi iliacha kuunguruma.

"Na huyo mpwa," alisema Luqmani, "hana hata haya?"

"Msimseme vibaya. Mtoto mzuri yule. Likizo zote alikuwa kwangu. Siku alipozidiwa na malaria nilimbeba mgongoni mpaka misheni, usiombe, mvua inanyesha."

"Ndio haohao," alisema Dadi. "Unambeba mgongoni, akikua anakutoa ndani. Huyo mimi nikikutana naye nitamtemea mate."

Joyce aligeukia dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka Uluguru mpaka mabondeni, hapakuonekana hata nyumba moja. Bibi Angelina aliutazama mgongo wake kwa muda.

"Ukoo ukishasema umesema," alisema taratibu. "Mtoto afanyeje?"

Aliinuka. Alipofika kwa Joyce alimwekea ndizi mezani, akamnyoosha kola ya shati. "Kula," alimwambia, akatoka.

Luqmani alimgeukia Dadi.

"Alhamisi nina kesi Gairo, mzee," alisema Dadi kabla hajaombwa.

"Una kesi?"

"Ninayo. Kweli." Lakini Dadi alibaki palepale, hati zake mkononi, akitazama mlango.

Luqmani akavua miwani. "Joyce. Wiki saba unawapigia watu simu. Unawabembeleza. Juzi umemfuata Wakili Severin mpaka kanisani. Kwa nini husimami wewe? Tetemeka, mwanangu, hakuna aliyefungwa kwa kutetemeka. Yule mama anakupenda, hukumwona?"

Joyce alikwenda kabatini. Alitoa jalada, akaliweka mbele ya mwenyekiti, akaanza kufungua kamba. Fundo likamshinda. Akachukua mkasi, akakata.

"Nimemwona," alisema. Safari hii sauti haikumkauka. "Soma jina la mdai, mzee. Huyo mpwa ni mimi. Ukoo ndio ulioniteua, na nikijitoa watamweka mwingine, naye atataka kushinda."

Akamgeukia Dadi.

"Nakuomba, kaka, uje unishinde."