Bendeji ya Akech

Pale uwanjani Luzira kila mtu alinionya nisimsajili Akech katika timu yetu ya polisi. Walisema kifundo chake cha mguu wa kushoto, kinachofungwa bendeji kila mechi, kitatuaibisha. Lakini jana tu binti huyu alikuwa ametia mabao matatu.

Nikamketisha kwenye benchi, nikaifungua bendeji mwenyewe. Kifundo kilikuwa kizima, hakina hata kovu. Nikacheka, nikachukua kalamu nitie sahihi fomu yake ya usajili.

"Hicho ni kizima, afande," akasema. "Nakifunga ili mabeki wakipige hicho."

Nikaishusha kalamu.

Akavua soksi ya kulia polepole. Mguu ule, uliotia mabao yote matatu, ulikuwa mweusi, umevimba. Nikaugusa. Kidole kikazama, kikaacha shimo.

"Mabeki hawajui," akanong'ona. "Sasa tunajua wawili, afande. Tia sahihi."