Kisu Kisichosoma Mapigo

Tangu visu vyote viwekewe kifaa cha kusoma mapigo ya moyo, mwenye hasira hakati kitu; makali hurudi ndani ya mpini mpaka atulie. Koplo Nyamizi wa zimamoto hakuwa ametulia tangu Jumanne, pale kisu chake cha kazi kilipojifunga mkononi huku dereva wa lori akiteketea, mkanda umembana kitini. Kilisema ana hasira. Asiwe nayo kwa nini?

"Nataka kisichosoma chochote," alimwambia Masele, fundi wa gereji. "Kidogo, kiingie ndani ya buti. Wakubwa wasikione."

Masele alimtandazia vitatu, vyote vya springi ya lori. Cha kwanza kilikuwa kirefu mno. Cha pili kilimchoma kifundo cha mguu. Cha tatu kilienea kiganjani, na kilikata mkanda mkuukuu kwa mkato mmoja tu. Nyamizi akakitumbukiza butini.

Nyumbani alimkuta mumewe, Shija, akikata vitunguu, na binti yao Holo akiandika kazi za shule mezani. Siku hizi kazi ya kukata ilikuwa ya Shija.

"Bado umenuna?" Shija akauliza. "Mtu mwenyewe keshazikwa, mama Holo."

"Keshazikwa? Hebu rudia!" Nyamizi akachomoa kisu butini, akapasua kitunguu hadi ncha ikazama kwenye kibao.

Shija akayatazama yale makali. Hayakurudi ndani.

"Holo," akaita polepole, "njoo ukae huku kwangu."