Mkono wa Kurusha

Wakati wa kiangazi, Vossler alilipwa kurusha mpira wa besiboli, na mkataba wake ulimkataza futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kuvunjana mifupa. Ndiyo maana kila Jumapili, baridi ya Ohio ilipoanza kuuma, aliucheza kwa jina la kuazima.

Leo alidaka mpira, akaangushwa, wanaume kumi wakamlalia. Chini ya rundo, uso ukiwa matopeni, alihisi mkono wake wa kulia ukishikwa taratibu, kama wa mchumba.

Vidole vya mtu vilipapasa sugu ya kidole chake cha kati, sugu inayoota kwa kurusha besiboli tu.

"Nilijua ni wewe, Vossler," sauti ikamnong'oneza sikioni. "Mpira wako wa besiboli ulinipofua jicho, kaka. Hata pole hukunipa." Vidole vikakikaza kile kidole cha kati, vikaanza kukikunja kinyume.

Juu, refa ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuwanyanyua watu, mmoja mmoja.