Askari wa Barazani

Adui hakufika kazini.

Masoud alikuwa keshakaa zamani kwenye baraza ya duka la Mwalim, mgongo ukutani, miguu ikining'inia, macho kayapeleka ng'ambo ya njia. Kule, mbele ya duka la Hasan, kiboksi anachokalia Silima kilikuwa kitupu. Jua likapanda, vumbi la mtaa wa Mlandege likaamka, na kiboksi kikabaki vile vile.

Vita vyenyewe havikuwa na bunduki. Zilikuwa zama za siasa, miaka ya hamsini inaelekea ukingoni, na Unguja ilikuwa imepasuka mapande mawili: maduka yao na yetu, visima vyao na vyetu, hata misiba yao na yetu. Kila chama kiliweka askari wake. Masoud aliwachunga watu wa chama chake wasivuke njia kwenda kununua kwa Hasan. Silima aliwachunga wa chama cha pili wasivuke kuja kununua kwa Mwalim. Na amri ilikuwa moja kwa wote: adui hasemeshwi, haamkiwi, hazikwi.

Amri haikuwa mzaha. Shemeji yake Masoud aliwahi kumpa pole jirani wa chama cha pili. Alipomwozesha binti yake, waliohudhuria ni bwana harusi, kadhi na mvua. Masufuria ya pilau yalirudi jikoni hayajafunuliwa. Mpaka leo akipita njiani watu wanaangalia paa.

Kwa hiyo Masoud na Silima hawakusemezana. Walisema na paka.

"We paka," Silima angeanza, akimtazama paka wa kijivu aliyezoea kulala katikati ya njia, "mwambie bwana yule leo kavaa kofia nyuma mbele."

"Paka," Masoud angejibu, macho mawinguni, "mwambie yangu angalau ni kofia. Yake ni kawa la kufunikia wali."

Paka angepiga miayo, na vita vingeendelea.

Siku zikenda hivyo. Kukaa, kutazama, kulowa, kukaukia nguo mwilini, kukaa tena. Masoud alikuwa hajui kama amechoka au amezoea. Hofu ilimbakia moja tu: Silima akiamua kuropoka kwamba askari wa ng'ambo ya pili ana mdomo, habari itavuka njia na kufika tawi la chama cha Masoud, naye atakuwa kama shemeji yake. Lakini haikuvuka.

Asubuhi hiyo ya kiboksi kitupu mkewe, Mwanamkasi, alimletea chai na mkate wa kumimina, na hakuondoka.

"Silima kafa, Baba Shemsa. Homa. Alfajiri hii."

"Inna lillahi," Masoud aliiambia chai.

"Wanamtoa baada ya adhuhuri. Watapita hapa hapa."

"Nshasikia."

"Nshasikia ndiyo nini? Yule umekaa naye uso kwa uso kuliko ulivyokaa na mimi mkeo. Utampa bega, hutompa?"

"Amri unaijua."

"Amri naijua, na wewe nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Masoud akanywa. Kama chai ilikuwa ya moto au imepoa, hakutambua. Mwanamkasi akachukua kikombe kabla hakijesha, akenda zake.

Baada ya adhuhuri jeneza likatokea. Masoud alitarajia umati. Askari wa chama kafa, watajazana mpaka njia isipitike. Walikuwa watu wanne, basi, wote wazee, na wote chini ya jeneza. Hasan alikuwa dukani anapima sukari, hakuinua uso. Wateja wake nao wakajifanya wanachagua viberiti, kana kwamba kiberiti kina mbivu na mbichi. Jambo hilo lilimshangaza Masoud kidogo, kisha likampita.

Unguja maiti habebwi hivyo. Hata mgeni asiyemjua marehemu hujitosa, akapokea hatua mbili tatu, akampisha mwengine. Wale wanne hawakuwa na wa kuwapokea. Walibadilisha mabega wao kwa wao, jeneza likiyumba. Mbele ya baraza wakasita.

"Mwanangu," mzee wa mbele alimwambia Masoud, jasho likimchuruzika ndevuni, "tupokee hata hapo kwenye bomba."

Ndani ya duka Mwalim akakohoa. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa na macho. Masoud akaitazama mikono yake juu ya magoti, imelala tu, kama mikono ya mtu mwengine aliyeisahau pale. Hakuinuka. Aliyeinuka ni paka, akawapisha njia.

"La ilaha illa llah," wazee wakasema, wakajikongoja.

Alasiri Bwana Abrahman, katibu wa tawi, alikuja akaketi barazani ubavuni pa Masoud. Si kawaida yake. Huyu bwana hutoa amri akiwa amesimama.

"Nimeambiwa hukutikisika."

"Naam, Bwana Katibu."

"Hata sisi hatukuweza kwenda. Ingejulikana." Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi. "Wao walikuwa washaanza kumshuku. Ndiyo maana wakamtupa."

"Kumshuku nani, bwana?"

"Silima. Alikuwa mtu wetu yule, Masoud. Mimi mwenyewe ndiye niliyemweka pale, akuchunge wewe. Kila Ijumaa nilimuuliza, na kila Ijumaa aliniapia kwa Mungu kwamba hujapata kumfungulia mdomo."