Chokaa Kiganjani

Kila asubuhi Bi Raya alipaka ukuta wa uani chokaa, akaketi kumenya viazi, akampa mgongo Tunu, binti wa kaka yake, aliyekuwa akifanya mazoezi ya dansi. Hakuhitaji kutazama. Viatu vya Tunu vyenye visigino vya shubiri nzima vilimweleza kila kitu: ko, ko, ko, mizunguko kumi bila kugusa ukuta.

Siku ya onyesho, katika mzunguko wa tisa, mlio ulikatika.

Kisu nacho kikatulia.

"Umeshika ukuta?"

"Sijashika, shangazi."

"Lete kiganja."

Tunu alikunja ngumi. Kiganja kikionekana cheupe, jioni ile Salha, mchezaji wa akiba, ndiye angevaa viatu vile jukwaani. Salha alikwisha kulijaribu hata gauni.

"Au nije mwenyewe?"

Bi Raya aliinuka, akaja akichechemea, akiuburura mguu uliovunjika zamani alipokuwa akicheza mbele ya ukumbi uliojaa watu. Akavifungua vidole vya Tunu kimoja kimoja. Chokaa tupu, mpaka kwenye kucha.

Hakufoka. Aliinama polepole, akashika mkanda wa kiatu juu ya kifundo kilichoanza kuvimba.

"Mimi waliniuliza kama mguu unauma," alisema, macho yakiwa kwenye mkanda. "Nikawaambia hauumi. Muziki ulikuwa umeshaanza."



"Haya, mwanangu. Nikaze au nifungue?"

Tunu alilitazama gauni kwenye kamba, likipepea.

"Unauma, shangazi," akasema. "Unauma tangu juzi."